Je, Kuogopa Kisu ni Ukosefu wa Imani?

Ziko hofu ambazo watu huzitangaza, na ziko hofu ambazo watu huzificha. Mtu akimwogopa simba husema mbele ya wote, wala hakuna amchekaye. Lakini mtu aliyekwisha kukubaliana na daktari kwamba tarehe fulani atapasuliwa tumbo ili mwili wake upungue uzito, naye usiku hapati usingizi kwa kuogopa kufa, huyo hunyamaza. Akimwambia jirani, jirani atauliza ni nani aliyemlazimisha. Akimwambia mwenzake wa ndoa, anachelea kumtia wasiwasi. Akitaka kumwambia padre, anaona haya, asije akaambiwa kwamba imani yake ni haba. Basi hubaki peke yake na hofu yake. Na hofu ikiachwa peke yake na mtu usiku, hunenepa.

Twapenda kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa lagusa familia nyingi kuliko zile zinazokiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima wapatao milioni 890 walikuwa na unene uliopitiliza. Wala haifai kudhani kwamba hao wote wako Ulaya na Marekani. Katika miji yetu, na sasa hata vijijini, twawaona mama na baba ambao miili yao imekuwa mzigo juu yao wenyewe: kisukari, shinikizo la damu, magoti yasiyoweza tena kupanda ngazi, pumzi inayokatika katikati ya usingizi. Wengine kati yao wamejaribu kila njia, na mwisho daktari amewashauri upasuaji.

Sisi si madaktari, wala hatutaki kuvaa joho lisilo letu. Swali letu ni la moyo na la dhamiri: mtu huyu aifanyie nini hofu yake ya kufa? Je, ni dhambi ya kutubiwa? Je, ni onyo la kutiiwa? Au ni upuuzi wa kufukuzwa?

JAMBO LENYEWE NI LIPI

Yafaa kwanza tujue tunazungumza juu ya nini, maana kitu kisichojulikana hutisha mara mbili. Mwaka 1966 Edward Mason, daktari mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alianza njia ya kuligawa tumbo la chakula ili sehemu ndogo tu ipokee kile mtu anachokula. Tangu wakati huo ufundi huo umebadilika sana. Siku hizi njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa, likabaki kama bomba jembamba. Katika ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo upande wa juu wa tumbo, nacho huunganishwa na utumbo mdogo, ili chakula kipite njia ya mkato. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kulipasua tumbo kwa kovu refu. Lile puto ambalo watu wengi wamelisikia, ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyoko Mloganzila imewawekea baadhi ya wagonjwa, ni jambo jingine: huingizwa kwa njia ya mdomo na baadaye hutolewa, wala si upasuaji.

Upasuaji huu haukuwekwa kwa ajili ya kila mwenye kitambi. Madaktari hupima uzito kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 103 hupata 40 na kidogo. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 uliwaruhusu waliofikia 40, au waliofikia 35 wakiwa na maradhi mazito yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hiyo vililegeza mpaka huo, vikisema kwamba 35 yatosha, na kwamba hata mwenye 30 aweza kufikiriwa akiwa na maradhi kama kisukari. Pia kuna dawa mpya za sindano, kama semaglutidi, ambazo kwa wengine huweza kufaa kabla ya kufikia kisu. Hayo yote mgonjwa ana haki ya kuelezwa na kuyauliza.

“ULIYATAKA MWENYEWE”

Mgonjwa wa kidole tumbo akiogopa kufa, watu wote humhurumia, kwa sababu hakuchagua. Mgonjwa wetu huyu huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba ameyataka. Hapo ndipo penye uchungu wa hofu yake. Haogopi kufa tu, anaogopa kufa kwa jambo ambalo kesho yake watu msibani watalisema kwa kunong’ona: “Ameacha watoto wanne kwa sababu ya kutaka kukonda.”

Neno hili ni la ukatili, tena si la kweli. Ni la ukatili, kwa maana linamhukumu mtu kana kwamba unene wote ni ulafi. Ulafi ni dhambi, nasi hatufuti katika orodha ya vilema vikuu neno lililoandikwa humo tangu zamani. Lakini ulafi ni tendo la nia, na unene ni hali ya mwili. Mmoja aweza kuwa mlafi akabaki mwembamba kama ufito, na mwingine akala kwa kiasi akazidi kunenepa. Elimu ya tabibu imeonyesha kwamba mwili wa mtu aliyepunguza uzito kwa kujinyima hupigana kuurudisha: njaa huongezeka, na nguvu anayotumia mwili hupungua. Aliyejaribu mara kumi akashindwa mara kumi si lazima awe mvivu. Huenda alikuwa akishindana na mwili wake mwenyewe uliokataa kushindwa. Walioandika habari za maisha ya Mtakatifu Thoma wa Akwino wanasema alikuwa mtu mrefu na mnene, na Papa Yohane XXIII alijulikana kwa unene wake dunia nzima. Hakuna aliyethubutu kuupima utakatifu wao kwa mizani.

Tena si la kweli. Mtu anayelala akikatika pumzi, ambaye sukari imeanza kumharibu macho na figo, hatafuti kiuno chembamba. Anatafuta miaka ya kuwalea wale wale watoto ambao watu wanamsingizia kuwa amewaacha.

HOFU SI DHAMBI

Tukiisha kuiondoa aibu, hofu yenyewe yabaki. Je, Mkristu aogope kufa?

Kale Epikuro, mwenye hekima wa Wayunani, alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu. Hoja yake ilikuwa kwamba maadamu sisi tupo, kifo hakipo. Na kifo kikija, sisi hatupo tena. Basi hatukutani nacho kamwe. Hoja hii yapendeza masikioni, na mgonjwa anayengoja dawa ya usingizi aweza kujaribu kujifariji nayo: nitalala, na lolote likitokea sitalijua. Lakini faraja hiyo haifiki mbali. Mama anayekwenda chumba cha upasuaji haogopi jinsi atakavyojisikia akiwa maiti. Anaogopa kwamba mtoto wake mdogo atakua bila kuikumbuka sauti yake. Anaogopa shamba lililobaki nusu, ada isiyolipwa, maneno ambayo hakumwambia mumewe. Hofu yake ni upande wa pili wa mapendo yake. Asiyependa kitu chochote katika dunia hii hana la kuogopa kulipoteza.

Kwa sababu hiyo Mtakatifu Thoma hakuihesabu hofu kuwa dhambi kwa yenyewe. Aliiweka pamoja na maono mengine ya moyo, kama furaha na huzuni, ambayo huwa mema au mabaya kwa kadiri akili inavyoyaongoza. Alisema tena kwamba hofu iliyo ya kiasi humfanya mtu atafute shauri na aifanye kazi yake kwa uangalifu. Ile iliyozidi ndiyo imvurugayo akili na kumfunga mikono. Na kwake ushujaa si kukosa hofu. Shujaa ni yule ambaye hofu yake haimwondoi katika jambo jema.

Nasi Wakristu tunao mfano ulio juu ya hoja zote. Bwana wetu mwenyewe, usiku wa kuamkia mateso yake, alihuzunika hata kufa katika bustani ya Gethsemani. Jasho lilimtoka kama matone ya damu. Aliwataka rafiki zake wakeshe naye, na alimwomba Baba amwepushe. Hakujifanya mtu wa jiwe. Kama kuogopa kifo kungekuwa ukosefu wa imani, tungesema nini juu ya usiku ule? Imani yake haikuonekana katika kutoogopa. Ilionekana katika kuipeleka hofu yake kwa Baba, na kisha kusimama na kwenda.

HESABU YA WENGI NA NAFSI MOJA

Lakini twawezaje kujua kama hofu yetu imezidi kiasi? Hapa yatupasa kuiuliza hesabu.

Katika hospitali kadhaa za Marekani walichunguzwa watu 4,776 waliopasuliwa kwa mara ya kwanza ili kupunguza uzito, na habari zao zilitangazwa mwaka 2009. Katika siku 30 za mwanzo walikufa watatu hivi katika kila elfu. Huko Uswidi, kuanzia mwaka 1987, madaktari waliwafuatia watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 waliofanana nao ambao hawakupasuliwa. Katika siku 90 za mwanzo walikufa watano kati ya waliopasuliwa. Lakini habari zilipotangazwa mwaka 2007, baada ya kuwafuatia kwa miaka ipatayo 11 kwa wastani, waliopasuliwa waliokufa walikuwa 101, na wasiopasuliwa 129. Mwaka 2020 walitangaza tena kwamba waliopasuliwa, kwa makadirio ya kati, waliishi miaka kama mitatu zaidi ya wenzao, ingawa bado hawakuufikia umri wa watu wengine wa nchi ile. Ni kweli watu hao hawakugawanywa kwa kura, na hospitali hazilingani. Kwa hiyo kila mgonjwa aulize habari za hospitali atakayopasuliwa. Hata hivyo maana yake ni wazi: kisu kina hatari yake, na kukaa bila kisu kuna hatari yake pia.

Twajua jibu la mgonjwa. Atasema: “Mnaniambia watatu katika elfu. Lakini mimi si elfu. Mimi ni mmoja, na huenda mimi ndimi wa tatu.” Jibu hili si la kipumbavu. Hesabu ni ya kundi, na kifo ni cha mtu mmoja mmoja; hakuna afaye sehemu tatu za elfu. Ndiyo maana ni kazi bure kumrushia mwenye hofu namba, kisha kumwona mkaidi kwa kuwa hakutulia.

Walakini busara haiulizi jambo gani litatokea. Hilo ni la Mungu. Busara yauliza jambo gani lifaalo kutendwa na mtu asiyeijua kesho. Mkulima hupanda bila kuijua mvua, na msafiri hupanda basi bila kumjua dereva ajaye mbele yake. Hakuna kati yao aliye na hakika. Kila mmoja amepima, ameona sababu njema ya kwenda imeizidi hatari, akaenda. Na asiyekwenda naye hakuikwepa hatari: ameibadilisha tu. Kifo cha meza ya upasuaji kina tarehe, kina taa kali na harufu ya dawa; kwa hiyo twakiona. Kifo cha kisukari na cha moyo huja polepole, kikiketi nasi mezani miaka mingi kama jamaa wa nyumbani. Kwa hiyo hatukiogopi. Hofu yetu hufuata macho, nayo macho si mizani ya haki.

Wahenga walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii ni ya kweli pale ambapo mwoga anapokimbia hatari na kuiacha nyuma. Lakini hatari iliyomo ndani ya damu yako mwenyewe haikimbiwi, kwani unapokimbia unaibeba. Kuna methali nyingine yafaa zaidi hapa: Mficha maradhi kilio humfichua.

JE, NIKIFA NITAKUWA NIMEJIUA?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na pengine haliulizwi kabisa ila hukaa moyoni. Tulijibu bila kuzunguka: hapana. Anayejiua hukitaka kifo, ama kiwe mwisho wake, ama kiwe njia yake. Anayepasuliwa anautaka uhai. Kifo, kama kikitokea, kimekuja juu ya nia yake na kinyume chake. Sababu ya kupasuliwa ikiwa nzito, hatari ikiwa imepimwa na watu wajuzi, naye mgonjwa akiwa ametimiza aliyoagizwa, hakumjaribu Mungu. Amekitumia kipawa cha akili ambacho Mungu amewapa madaktari, na Yoshua bin Sira alikwisha kutufundisha kumheshimu tabibu na kuzikubali dawa zitokazo katika ardhi.

Vivyo hivyo twasema upande wa pili. Asiyetaka kupasuliwa naye hatendi dhambi. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu anawajibika kuutunza uhai wake kwa njia za kawaida, kwa kadiri ya hali ya mtu mwenyewe, mahali na wakati, wala halazimiki kubeba mzigo ulio mzito kupita kiasi. Kwa mmoja upasuaji huu ni njia iliyo wazi. Kwa mwingine, kwa sababu ya gharama, au umbali wa hospitali, au hofu isiyoshindika, ni mzigo usiobebeka. Basi mume asimwambie mkewe kwamba asipokwenda hawapendi watoto wake. Wala mke asimwambie mumewe kwamba akienda hampendi yeye. Uamuzi ni wa mwenye mwili, mbele ya Mungu, baada ya kushauriwa vema. Kughairi si fedheha, hata asubuhi ya siku yenyewe. Lakini mtu aghairi kwa sababu amefikiri, asighairi kwa sababu tu usiku ulikuwa mrefu.

HOFU IPEWE KAZI

Hofu isiyo na kazi huzunguka nyumba usiku kucha. Hofu iliyopewa kazi huweza kuwa mtumishi mwaminifu. Tungemshauri mgonjwa achukue daftari na kuigeuza kila hofu yake kuwa swali.

Waogopa kwamba mshono wa ndani utavuja? Uliza: jambo hilo hutokea mara ngapi hapa, na likitokea mtafanya nini? Waogopa damu kuganda miguuni na kupanda mpaka mapafuni? Hiyo ni hatari ya kweli. Ndiyo sababu hutolewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na ndiyo sababu utaamriwa kuinuka kitandani na kutembea mapema, hata kama hupendi. Waogopa dawa ya usingizi? Omba kumwona daktari wa usingizi kabla ya siku hiyo, umweleze dawa zote unazotumia, na kama hukoroma na kukatika pumzi usiku. Mpasuaji amekwisha kuifanya kazi hii mara ngapi? Nani atakaa zamu usiku wa kwanza? Mtu mwenye aibu atadhani maswali hayo ni ya utovu wa adabu. Siyo. Daktari mwema huyafurahia.

Kisha kuna kazi ya mikono yako mwenyewe. Acha tumbaku. Fuata kwa uaminifu mlo utakaoagizwa katika wiki za mwisho, ambao mara nyingi huwekwa ili ini lisinyae na kumpa mpasuaji nafasi. Jua kwamba baadaye utakunywa vitamini na madini maisha yako yote na kurudi kupimwa damu, na kwamba pombe itaweza kukulevya upesi kuliko zamani. Jifunze dalili za kurudishwa hospitali bila kungoja asubuhi: homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayozidi, kifua kubana, mguu kuvimba. Kila jambo utakalolitimiza ni tofali moja limetolewa katika ukuta wa hofu.

Na kama baada ya hayo yote hofu yaendelea kukunyima usingizi na chakula, ikakutetemesha mchana, mwambie daktari wazi. Hiyo yaweza kuwa ugonjwa nao wenye tiba yake, wala tiba yake si kukemewa.

TAREHE ILIYO MKONONI

Wakristu wa zamani waliogopa sana kifo cha ghafla, kile kinachomkuta mtu hakujiandaa. Waliomba katika litania waepushwe nacho. Sisi siku hizi twasema kinyume: twatamani kufa usingizini, tusijue. Mgonjwa anayengoja upasuaji amepewa kitu ambacho aliyegongwa na gari barabarani hakukipata: ana tarehe. Huenda siku hiyo haitakuwa siku ya kufa kwake, na kwa hesabu tulizozitaja, karibu wote huamka. Lakini ni tarehe ya kumwuliza mtu: je, umetengeneza mambo yako?

Maandiko yatuambia habari za mfalme Hezekia, aliyeugua, naye nabii Isaya akamwagiza atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana atakufa. Hezekia hakujidai kuwa shujaa. Aligeuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu alimwongezea miaka 15. Lakini tusisahau lililofuata: Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Machozi, sala na dawa vilikaa pamoja katika chumba kimoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenzake.

Kwetu sisi watu wengi huogopa kuandika wosia. Husema ni uchuro, ni kujichuria kifo. Lakini wosia haujamwua mtu bado. Waliouawa na ukosefu wake ni amani ya wajane na undugu wa watoto. Andika. Taja madeni unayodai na unayodaiwa. Mwonyeshe mwenzako zilipo hati za shamba na kitabu cha benki. Mpatanishe yule mliyekosana. Waambie watoto kwamba wawapenda, bila kuwaaga kana kwamba umekwisha kufa.

Pokea Kitubio na Ekaristi. Tena wengi hawajui, au wamesahau, kwamba tangu Papa Paulo VI alipoitengeneza upya ibada hiyo mwaka 1972, Mpako wa Wagonjwa waweza kutolewa kabla ya upasuaji, iwapo ugonjwa mkubwa ndio sababu ya upasuaji huo. Mwulize paroko wako mapema. Mpako si cheti cha kifo, na padre aingiapo wodini hakuja kumfungulia mtu mlango wa kaburi. Amekuja kumwombea nguvu, na Kanisa zima linaomba pamoja naye.

Matengenezo haya yana siri moja: aliyejiandaa kufa huishi kwa wepesi zaidi. Samuel Pepys, Mwingereza aliyeandika habari za maisha yake siku kwa siku, alipasuliwa jiwe la kibofu huko London tarehe 26 Machi 1658, karibu miaka 200 kabla ya dawa ya usingizi kujulikana katika upasuaji. Alipona, akalihifadhi jiwe lake, na akanuia kuifanya siku hiyo kuwa karamu ya shukrani kila mwaka. Alikufa mwaka 1703. Miaka 45 ile aliihesabu kuwa ya kupewa. Lakini ni mwaka gani wa maisha yetu, tupasuliwe tusipasuliwe, ambao si wa kupewa?

NENO KWA JAMAA

Mwisho twasema na ninyi mlio karibu na mgonjwa. Msimsimulie habari za fulani aliyeingia asitoke. Msimwambie, “Siku ya kufa nyani miti yote huteleza,” mkidhani mnamfariji. Wala msimzime kwa haraka kwa kusema, “Usiogope, utapona tu,” kwa kuwa neno hilo mara nyingi twalisema ili sisi wenyewe tusiisikie hofu yake. Kaeni naye. Mwache aseme. Gethsemani Bwana hakuomba hotuba. Aliwaomba watatu wakeshe saa moja, nao walishindwa kwa sababu ya usingizi.

Akiisha kupasuliwa msimhesabie matonge, wala msizushe, mwili wake utakapopungua, kwamba ana maradhi ya siri. Na ikiwa Mungu atamwita pale mezani, msiseme alijitakia. Semeni alikwenda kuutafuta uhai, akiwa na hofu yake mkononi, akamkabidhi Mungu vyote viwili.

Nawe ndugu msomaji, kama ndiwe unayeihesabu tarehe yako, usingoje hofu iondoke ndipo uwe na imani. Iambie hofu hiyo kwa mtu mmoja umwaminiye leo, kabla jua halijatua. Kisha lala. Alindaye Israeli hasinzii, na zamu ya usiku ni yake.